Chale, Utani na Karatasi: Asili ya Urafiki baina ya Wageni katika Bara la Afrika Mashariki, 1871–1892

1.0 Utangulizi

Swali la asili ya urafiki wa binadamu limejadiliwa tangu zama za Wayunani. Aristotle aliugawa urafiki katika aina tatu, yaani urafiki wa manufaa, wa starehe na wa wema, akauona huo wa mwisho kuwa ndio uliokamilika. Mgawanyo huo ungali na nguvu katika fikra za watafiti wengi, kwa maana urafiki unaotokana na haja huonekana kuwa duni kuliko ule unaotokana na hisia. Hata hivyo, tafiti linganishi zimeutilia shaka msimamo huo. Hruschka (2010), aliyelinganisha taarifa kutoka jamii 60 za sehemu mbalimbali za dunia, anaonesha kuwa kusaidiana ni sifa inayojitokeza takriban kila mahali panapotajwa urafiki, ilhali kuambiana siri za moyoni, jambo linalohesabiwa katika nchi za Magharibi kuwa kiini cha urafiki, hakujitokezi kwa kiwango hicho.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia mfano mmoja wa kihistoria, nao ni uhusiano uliojengwa baina ya watu wasiofahamiana katika njia za misafara za Afrika Mashariki katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Taasisi mbili zinachambuliwa: undugu wa kuchanjiana na utani. Baada ya hapo, makala yanaangalia jinsi taasisi ya kwanza ilivyochukuliwa na mawakala wa makampuni ya kikoloni na kubadilishwa kuwa mkataba wa maandishi. Hoja inayotetewa ni kwamba urafiki katika mazingira hayo haukuwa hisia iliyosubiri kuthibitishwa. Ulikuwa ni tendo la makusudi ambapo kila upande uliukabidhi upande wa pili uwezo wa kuudhuru, mbele ya mashahidi. Pale ambapo uwezo huo ulibaki kwa upande mmoja tu, jina la urafiki lilidumu lakini chenyewe hakikuwapo.

Umuhimu wa hoja hii hauishii katika nadharia. Nchini Tanzania jina la Mangungo wa Msovero limekuwa kielelezo cha mtu aliyeitoa nchi yake kwa ujinga, na hutumiwa hadi leo kumkebehi kiongozi anayetia saini mkataba mbovu. Hukumu hiyo haiwezi kupimwa kwa haki bila kwanza kufahamu Mangungo na watu wa kizazi chake walielewa nini waliposikia neno urafiki.

2.0 Msamiati wa Urafiki

Kiswahili chenyewe kimehifadhi sehemu ya historia hii. Neno rafiki limetokana na Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ya msingi ni mwenzi wa safari. Sahibu nalo lina asili hiyohiyo ya Kiarabu na hubeba dhana ya kuandamana. Mwandani, neno la asili ya Kibantu, humtaja mtu wa ndani, yaani aliyeruhusiwa kuvuka kizingiti. Maneno hayo yanaukaribia urafiki kutoka pande mbili, njia na nyumba. Rafiki ni yule mnayekwenda naye. Mwandani ni yule anayeingia kwako.

Methali isemayo "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" inaweka kipimo cha wazi. Haiulizi mtu anahisi nini, bali inauliza alifanya nini wakati wa shida. Methali nyingine, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," inaonesha upande wa pili wa jambo hilo. Ukarimu ulikuwa wajibu, lakini ulikuwa na kikomo. Mtu aliyetaka kupita katika nchi ya watu mara kwa mara, kuhifadhi mali yake huko, au kuugulia huko, alihitaji hadhi inayodumu zaidi ya ile ya mgeni.

3.0 Njia ya Misafara na Hali ya Mgeni

Njia kuu ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Sehemu ya kwanza pekee, kutoka pwani hadi Tabora, ilimchukua mpagazi takriban miezi mitatu. Maelfu ya watu, wengi wao Wanyamwezi, waliipita njia hiyo kila mwaka wakibeba pembe za ndovu kuelekea pwani na vitambaa, shanga, waya na bunduki kuelekea bara. Njiani walilipa hongo kwa watawala, hasa katika Ugogo ambako maji yalikuwa haba na aliyemiliki kisima aliweza kuushurutisha msafara mzima.

Katika jamii ambazo ulinzi wa mtu ulitokana na ukoo wake, mpagazi aliye mbali na kwao alikuwa kama mtu asiye na sheria. Akiibiwa, hakuwa na wa kumdaia. Akiuawa, hakuwa na wa kumlipizia kisasi wala wa kupokea dia. Akifa kwa ndui au kuhara, huenda asingepata wa kumchimbia kaburi. Hongo ililinda msafara, haikumlinda mtu mmojammoja. Kwa hiyo haja iliyokuwapo ilikuwa ni kumpata mtu wa ugenini mwenye wajibu wa kutenda kama ndugu. Taasisi mbili zinazojadiliwa hapa zilijibu haja hiyo kwa njia tofauti.

4.0 Undugu wa Kuchanjiana

Undugu wa kuchanjiana ulifanyika kwa namna nyingi kutoka jamii moja hadi nyingine, lakini umbo lake lilifanana. Watu wawili waliketi wakielekeana, wakachanjwa chale, damu ya kila mmoja ikapakwa kwenye jeraha la mwenzake au ikaliwa pamoja na nyama au punje, huku msemaji akitamka kiapo na laana. Evans-Pritchard (1933), aliyeichunguza desturi hiyo miongoni mwa Azande, alieleza kuwa kila mmoja huizungumzia damu yake iliyokwisha kuingia tumboni mwa mwenzake na kuiagiza imuue iwapo atavunja ahadi. Maelezo hayo yanatoa ufunguo muhimu. Damu haikuwa ishara ya mapenzi tu; ilikuwa adhabu iliyowekwa akiba ndani ya mwili wa mhusika. White (1994) naye ametahadharisha kuwa si sahihi kuichukulia desturi hii kama nakala hafifu ya undugu wa kuzaliwa, kwa kuwa watu waliichagua kwa sababu ilifanya mambo ambayo undugu wa kuzaliwa haukuweza kuyafanya.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Mirambo na Henry Morton Stanley. Mwaka 1871 wawili hao walikuwa maadui. Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu wa Tabora katika vita vyao dhidi ya Mirambo, na upande wake ukashindwa. Vita hivyo viliivuruga biashara ya njia ya kati kwa miaka kadhaa. Tarehe 22 Aprili 1876 walikutana Serombo, nao wakafanywa ndugu wa kuchanjiana. Aliyeendesha tendo hilo ni Manwa Sera, nahodha wa wapagazi wa Stanley. Kwa mujibu wa maelezo ya Stanley mwenyewe, yaliyochapishwa mwaka 1878, Manwa Sera aliwakalisha kwenye mkeka wakielekeana, akawachanja kila mmoja mguu wa kulia, akabadilishana damu zao, kisha akatamka laana kwa atakayevunja undugu huo.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa katika tukio hili. Kwanza, lugha na utaratibu vilikuwa vya watu wa msafara. Stanley hakuuleta mkataba. Aliingizwa katika taasisi iliyokuwa ikifanya kazi kabla yake, na msimamizi wake alikuwa mtu aliyeifahamu. Pili, laana iliyotamkwa ilitaja hatari za njiani: wanyama wakali, chakula kugeuka, marafiki kumkimbia mkosaji, na bunduki kumpasukia mikononi. Bunduki ilikuwa bidhaa ya biashara ile ile iliyowakutanisha. Kiapo kilikuwa kimejirekebisha kulingana na wakati, jambo linaloonesha kuwa haikuwa desturi iliyoganda. Tatu, tendo lilikuwa sawa kwa pande zote mbili. Mtemi mwenye jeshi na msafiri mwenye bunduki walichanjwa chale zilezile na kuangukiwa na laana ileile.

Hata hivyo, si sawa kuipamba taasisi hii. Kila upande ulikuwa na hesabu zake. Mirambo alitafuta njia ya kuwafikia Waingereza bila kupitia kwa wafanyabiashara wa Tabora, na Stanley alitaka kupita salama. Isitoshe, uhusiano huo ulikuwa wa mtu na mtu. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa wakati majeshi ya Mirambo yaliposhambulia kijiji walimokuwamo, na uhusiano wake na konseli wa Uingereza huko Zanzibar ukaharibika. Undugu na Mwingereza mmoja haukuifunga serikali ya Uingereza, wala haukumkinga Mirambo na lawama zake. Udhaifu huo ndio uliokuja kutumiwa baadaye kwa makusudi.

Ni muhimu pia kutaja mipaka ya vyanzo. Maelezo mengi ya undugu wa kuchanjiana yameandikwa na wasafiri wanaume kuhusu watawala wanaume. Wanawake waliosafiri katika misafara na waliouza chakula kandokando ya njia walikuwa na mahusiano yao, na Kiswahili kina neno shoga kwa rafiki wa kike wa mwanamke, lakini wasafiri hao hawakuyapa mahusiano hayo nafasi katika vitabu vyao.

5.0 Utani

Utani unatofautiana na undugu wa kuchanjiana katika mambo mengi. Hauna sherehe ya kuuanzisha. Haumfungi mtu mmoja bali watu wa kabila au ukoo mzima, nao hurithiwa. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani bila ya kuwa wamewahi kuonana. Vivyo hivyo Mngoni na Mhehe. Mtani anaruhusiwa kumtukana mwenzake, kumnyang'anya kitu kidogo, na kumdhihaki mbele ya watu, naye anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye anayeonekana kukosa adabu.

Radcliffe-Brown (1940) aliueleza uhusiano wa namna hii kuwa ni mchanganyiko wa urafiki na uhasama, na baadaye akauweka utani na undugu wa damu katika kundi moja la njia za kuunda muungano baina ya watu wasio wa ukoo mmoja. Uchambuzi huo una thamani, lakini unaueleza utani kana kwamba hauna historia. Moreau (1944), aliyekusanya taarifa katika Tanganyika, aliurudisha katika historia kwa kuuhusisha na vita na safari za karne ya 19. Mkusanyiko mkubwa ulioratibiwa na Stephen Lucas katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970 uliongeza ushahidi wa simulizi kutoka maeneo mengi ya nchi. Maelezo yanayojirudia ni mawili. Baadhi ya makabila husema yalipigana, hakuna aliyemshinda mwenzake moja kwa moja, kisha yakapatana. Wangoni na Wahehe, waliopigana vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, ni mfano wa aina hiyo. Mengine husema yalikutana njiani. Wanyamwezi waliofika pwani walipita na kukaa katika nchi ya Wazaramo, na utani wao unaakisi mapito hayo.

Kipengele ambacho hakijapewa uzito unaostahili ni nafasi ya mtani katika msiba. Katika jamii nyingi za mashariki na kati ya Tanzania, watani hushiriki kuchimba kaburi na kubeba maiti, huzuia shughuli hadi wapewe chochote, huigiza tabia za marehemu, na huwachekesha wafiwa. Kazi hiyo aghalabu imefafanuliwa kama njia ya kupunguza huzuni. Ufafanuzi huo ni sahihi lakini haujitoshelezi. Ukisomwa sambamba na hali ya mpagazi iliyoelezwa katika sehemu ya tatu, wajibu wa kuzika unaonekana kuwa kiini cha utani badala ya pambo lake. Hofu kubwa ya mtu wa msafara ilikuwa ni kufia mahali pasipo na ndugu. Mtani alikuwa ni mtu wa ugenini ambaye, kwa jina la kabila tu, aliwajibika kuushughulikia mwili wa asiyemjua.

Kwa mtazamo huo, matusi ya utani na mazishi yake ni sehemu mbili za ahadi moja. Mtu anayeruhusu kutukanwa bila kujibu kwa hasira amemkabidhi mwenzake heshima yake. Mtu anayeruhusu maiti yake iguswe na mgeni amemkabidhi kila kilichobaki. Utani ulifanya kwa dhihaka kile ambacho undugu wa kuchanjiana ulikifanya kwa wembe: kila upande ulijiweka wazi kwa mwenzake, na hali hiyo ya kuwa wazi ndiyo iliyokuwa dhamana.

6.0 Karatasi: Msovero na Dagoretti

Mnamo Novemba 1884 Carl Peters na wenzake walifika Zanzibar, wakavuka hadi Saadani na kuelekea bara. Katika muda wa wiki chache walikusanya mikataba 12 katika Useguha, Nguru, Usagara na Ukami. Mkataba wa Msovero ulikuwa wa tarehe 29 Novemba 1884. Maandiko ya Peters mwenyewe yanaonesha utaratibu uliotumika katika ziara hizo: kukaribishana, kunywa pamoja, kuchanjiana na mtawala wa mahali, kisha kusomwa kwa mkataba ulioandikwa kwa Kijerumani, kupandishwa bendera na kupigwa risasi hewani. Katika mkataba wa Msovero, Mangungo alitajwa kuwa ameikabidhi ardhi yake na haki zake zote za utawala kwa chama cha ukoloni alichokiwakilisha Peters.

Kwa hiyo siku hizo kulikuwa na mapatano mawili yaliyofuatana. La kwanza lilikuwa la urafiki, lililofanywa kwa lugha na ishara zilizoeleweka, mbele ya mashahidi wa mahali, likizifunga pande zote mbili. La pili lilikuwa la karatasi, katika lugha ambayo upande mmoja haukuijua, na mahakama ambayo lingepelekwa ilikuwa Ulaya. La kwanza lilitumika kulipa la pili sura ya kuaminika. Aliyeketi na kuchanjwa alikuwa na kila sababu ya kudhani kuwa kilichofuata kilikuwa ni nyongeza ya sherehe ileile.

Tofauti kubwa ilijitokeza katika safari ya ushahidi. Mashahidi wa damu walibaki Usagara. Karatasi ilikwenda Berlin. Mkutano wa Berlin ulimalizika tarehe 26 Februari 1885, na siku iliyofuata Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa maeneo hayo. Sultani Barghash wa Zanzibar alipolalamika, manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya mji wake mwezi Agosti mwaka huohuo. Katika hatua hizo zote hapakuwa na mtu aliyeulizwa juu ya kiapo. Laana iliyotamkwa bara haikuwa na nguvu katika ofisi ya Berlin, ilhali maneno ya Berlin yalikuwa na nguvu ya mizinga huko bara.

Tukio la Dagoretti lina sura tofauti kidogo na linasaidia kuzuia hitimisho jepesi. Frederick Lugard, akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alichanjiana na Waiyaki wa Hinga mwezi Oktoba 1890 na kujenga boma katika nchi ya Wakikuyu. Tofauti na Peters, Lugard aliupa uzito undugu huo kama njia ya kufanya mapatano yanayoeleweka na wenyeji. Lakini yeye aliendelea na safari kwenda Uganda, na watu wa Kampuni waliobaki, pamoja na misafara iliyopita, wakaanza kuchukua chakula cha wenyeji kwa nguvu. Boma la Dagoretti liliachwa mwaka 1891, na lingine, Fort Smith, likajengwa. Mwaka 1892 Waiyaki aligombana na maofisa wa boma hilo, akakamatwa, akapelekwa pwani akiwa mfungwa, akafia Kibwezi njiani. Simulizi za Wakikuyu zinashikilia kuwa alizikwa angali hai.

Hapa kiapo hakikuwa ulaghai tangu mwanzo. Kilishindwa kwa sababu Kampuni haikuwa na mwili wa kuchanjwa. Lugard aliweza kuwa ndugu; waliomrithi ofisini hawakujiona kuwa wamerithi undugu huo, ingawa walirithi boma lililojengwa kwa sababu yake. Udhaifu uliojitokeza kwa Mirambo mwaka 1880 ulikuwa sasa umegeuka kuwa utaratibu wa kawaida: faida za urafiki zilikwenda kwa taasisi, na wajibu wake ukabaki kwa mtu aliyekwisha kuondoka. Mtu aliyechanjiana na mgeni ili asifie ugenini bila ndugu akafia ugenini mikononi mwa watu wa mgeni huyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamechunguza urafiki kama tendo la kihistoria. Ushahidi wa njia za misafara unaonesha kuwa watu wasio na damu moja, lugha moja wala dini moja waliweza kujenga uhusiano wa kuaminika bila kusubiri kupendana. Walifanya hivyo kwa kupeana nafasi ya kudhuriana na kwa kuwaita wengine washuhudie. Mapenzi yaliweza kufuata, na pengine yalifuata mara nyingi, lakini hayakuwa sharti la kuanza. Mgawanyo wa Aristotle kati ya urafiki wa manufaa na ule wa wema haukidhi mfano huu, kwa kuwa aliyejiweka katika hatari kwa ajili ya manufaa alikuwa tayari ametenda jambo la uaminifu.

Ulinganisho wa taasisi hizo mbili unaeleza pia kwa nini moja ilidhoofika na nyingine ikadumu. Undugu wa kuchanjiana ulimhitaji mtu mwenye mwili na jina, hivyo uliweza kunaswa na karatasi. Utani haukuwa na mtu wa kutia saini, haukuwa na tarehe, wala haukuwa na kitu cha kukabidhi. Hakuna kampuni iliyoweza kuununua, na hadi leo mtani huja msibani bila kualikwa.

Kuhusu Mangungo, ushahidi uliojadiliwa unataka hukumu yake iangaliwe upya. Kumwita mjinga ni kuichukua karatasi ya Peters kama kipimo cha maarifa yake. Kwa kipimo cha wakati na mahali pake, mtawala aliyekubali kuchanjiana na mgeni alitumia njia ambayo ilikuwa imewavusha watu salama, na ambayo miaka minane tu kabla ilikuwa imewapatanisha Mirambo na Stanley. Kosa lililofanyika Msovero halikuwa la mtu asiyejua maana ya mkataba. Lilikuwa la mtu aliyeingia katika urafiki wenye masharti sawa, akakutana na mwenzake ambaye hakuwa amekusudia kufungwa na sharti hata moja.